Nani analipia betri?

Nyumba ya shangazi yangu iko Hamugembe, Bukoba mjini. Ukutani mwa sebule kuna ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukapanda mpaka kwenye lenta. Umri wa ufa huo unajulikana hadi dakika. Ulitokea Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Zilizoanguka zaidi zilikuwa nyumba za tofali za udongo na za tofali za kuchoma zisizo na nondo, yaani nyumba za watu kama shangazi.

Hakuuziba ule ufa upesi. Mjukuu wake alichora mistari miwili mifupi ya penseli, mmoja kila upande, akaandika tarehe, ili wajue kama unapanuka. Nilipofika kumpa pole, baada ya shikamoo na habari za waliotutoka, alininyooshea kidole ile mistari akaniuliza, "Mwanangu, wewe si mtu wa magazeti? Hebu niambie, ile mashine ya kupima tetemeko, ile ya kwetu sisi, iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ile 5.9 niliyokuwa nimeiandika nilikuwa nimeitoa kwa Wamarekani.

Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, lina kituo mjini Golden, jimbo la Colorado, ambako wataalamu hupokezana zamu usiku na mchana wakisoma mitikisiko ya dunia nzima. Ardhi ikitikisika Kagera, mawimbi yake hunaswa na vyombo vilivyofukiwa ardhini katika mabara yote. Vingine viko jirani nasi. Kuna kituo Mbarara, Uganda, kama kilomita 100 tu kutoka kitovu cha tetemeko lile, na kingine Kilima Mbogo, karibu na Thika nchini Kenya. Vyote viwili vimo katika mtandao wa dunia ambao sehemu kubwa ya gharama zake hubebwa na walipakodi wa Marekani. Nawashukuru, na sioni haya kuwashukuru. Wataalamu wetu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, nao walifika Kagera, wakapima na kutoa ushauri. Lakini swali la shangazi lilikuwa la kabla ya tetemeko.

Mtandao wa dunia umewekwa kwa ajili ya matetemeko makubwa, na madogo mengi yanaupita. Tetemeko la ukubwa wa 2 au 3, ambalo mama aliye jikoni hulidhania lori linalopita, haliwezi kuonekana kutoka Colorado. Na haya madogo ndiyo yanayochora ramani. Yakipimwa kwa miaka 10 au 20, yanapanga mstari juu ya nyufa zilizojificha chini ya ardhi, na mtu akaweza kusema kwa haki kwamba mtaa huu usijengewe hivi, shule ile isogezwe kule. Ili kujua kitovu cha tetemeko kiko wapi unahitaji angalau vituo vitatu. Ili kujua kina chake kwa uhakika, kimoja kati ya hivyo kiwe karibu kabisa. Vikiwa mbali vyote, kina kinabaki cha kukadiria, na kina ndicho kinachoeleza kwa nini mji mmoja ulipona na mwingine ukalia.

Kituo chenyewe si jengo la kutisha. Ni shimo la mita moja au mbili lililochimbwa hadi kwenye mwamba, chini limemwagwa zege, juu ya zege kimewekwa chombo chenye ukubwa wa sufuria ya kupikia wali wa watu wanne. Kimesawazishwa kwa pima maji na kuelekezwa kaskazini sawasawa, kisha kikafunikwa ili joto la mchana na baridi ya usiku visikisumbue. Pembeni kuna kisanduku kinachogeuza mtikisiko kuwa tarakimu, antena ya kupokea saa kutoka kwenye setilaiti, betri, paneli ya sola, na modemu yenye laini ya simu. Uzio, na mlinzi kama yupo. Sehemu ya gharama kubwa ni kile chombo cha shimoni, na hicho mara nyingi hudumu miaka mingi. Kinachokiua kituo ni vitu vidogo. Betri huchoka, paneli huibwa, radi hupiga, mchwa huingia kwenye nyaya, na kifurushi cha data huisha bila mtu wa kukijaza. Kituo kinanyamaza, na asiyekitazama kila siku hatajua kwamba kimenyamaza. Atafikiri ardhi imetulia.

Vyombo vya kupimia vinapatikana. Watu wa kuvileta huja. Mwaka 1994 na 1995 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitandaza vituo vya muda kuikatiza Tanzania. Data zile zilizaa utafiti mzito juu ya namna Bonde la Ufa linavyoizunguka nguzo ngumu ya kale iliyo chini ya katikati ya nchi yetu. Wanafunzi walipata shahada, dunia ikapata elimu. Kisha vyombo viling'olewa, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, kwa sababu fedha zilikuwa za utafiti wenye tarehe ya kwisha. Hakuna aliyekosea hapo. Kosa ni letu tukiuchukua utafiti wa namna hiyo kama ndio ulinzi wa raia.

Mahali ambapo kutegemea fedha zenye tarehe ya kwisha kuliwagharimu watu waziwazi ni Goma, mashariki mwa Kongo.

Goma ni mji wa wasema Kiswahili, ukitoka Gisenyi, Rwanda, ni hatua chache kuvuka mpaka, na umejengwa juu ya lava. Ukipita mitaani unaona mawe meusi kwenye misingi ya nyumba, kwenye kuta za uani, kwenye barabara zisizo na lami. Kaskazini umesimama Nyiragongo, mlima ulio na ziwa la moto mdomoni. Januari 1977 ziwa lile lilipasuka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Januari 17, 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikakata uwanja wa ndege, ikaua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine wapatao 120,000 bila makazi. Ardhi ikaendelea kutetemeka kwa siku kadhaa baadaye.

Wanaotakiwa kuusikiliza mlima huo ni wataalamu wa kituo cha uangalizi wa volkano cha Goma, OVG, kilichoundwa mwaka 1986 na kilicho chini ya wizara ya utafiti wa kisayansi ya Kongo. Baada ya 2002 wageni walikuja kwa wingi, Wabelgiji, Waitalia, Umoja wa Mataifa, na baadaye Benki ya Dunia, wote na vyombo na mafunzo yao. Wenyeji nao hawakuwa watazamaji. Walikuwa na wasomi wao wanaoujua mlima kama mkulima anavyolijua shamba lake. Walichokosa ni mshahara unaofika kwa wakati na fungu la serikali yao wenyewe la kuendeshea kazi ya kila siku.

Mwaka 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia ulifikia ukomo na haukuongezwa. Tuhuma za ubadhirifu zilikuwa zinasemwa hadharani, na wafanyakazi wa kituo walikuwa miongoni mwa waliozisema. Tuhuma si hukumu, na sitaigeuza makala hii kuwa mahakama. Nataja tu kilichofuata. Kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na fedha ya intaneti. Vyombo vilikuwa mlimani, wataalamu walikuwa ofisini, na kati yao hapakuwa na njia. Kupanda kwenda kuzisoma data kwa mkono nako kulikuwa kugumu, maana misitu ile ilikuwa na watu wenye silaha. Februari 2021 balozi wa Italia nchini Kongo aliuawa Kibumba, kwenye barabara inayopita upande huo wa mlima. Intaneti ilirudishwa kwa msaada wa washirika wa nje muda mfupi kabla ya mlima kupasuka.

Ulipasuka Jumamosi jioni, Mei 22, 2021. Watu waliona anga limekuwa jekundu. Taarifa za awali ziliutaja Nyamulagira, mlima jirani ambao lava yake kwa kawaida haiuelekei mji, na saa za mwanzo zikapita watu hawajui wakimbie au walale. Zaidi ya watu 30 walifariki, vijiji na mitaa ya kaskazini ikafukiwa, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu jambo hili husimuliwa mara nyingi kwa urahisi mno. Mwaka uliofuata wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa data zilizopatikana, wakaonyesha kwamba dalili za wazi zilitangulia mlipuko kwa muda usiofika hata saa moja. Kwa hiyo hata kama intaneti isingekatika, huenda hakuna ambaye angeutangazia mji siku mbili kabla. Anayesema pesa zingezuia vifo vyote anadanganya, na uongo wa namna hiyo unawaumiza wataalamu pale unapofichuka.

Lakini tazama siku zilizofuata. Baada ya lava kusimama, matetemeko yalianza kuja kwa mamia. Nyumba zilipasuka Goma na Gisenyi, barabara zikafunguka nyufa. Vitovu vilikuwa vinahama kuelekea kusini, na maana yake ilikuwa kwamba moto ulikuwa unapita chini ya mji wenyewe kuelekea chini ya Ziwa Kivu. Na Kivu si ziwa la kawaida. Vilindini mwake kuna kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 hivi za methani. Swali lililokuwa mezani kwa wakuu wa mji lilikuwa zito kuliko la Jumamosi ile: watu wapatao nusu milioni waondolewe au wabaki? Mei 27 alfajiri amri ilitoka, na watu wapatao 400,000 wakatembea na magodoro vichwani kuelekea Sake na Rwanda, na wengine wakaenda kwa boti hadi Bukavu. Uamuzi ule ulitegemea nukta zilizokuwa zinajitokeza kwenye skrini, kila nukta ikitoka kwenye chombo cha shimoni, betri na laini ya simu. Kama intaneti ingekuwa bado imekatika wiki ile, gavana angekuwa anaamua gizani.

Kuna kitu kingine kisichopimwa kwa chombo. Watu wa Goma walikuwa wamesikia kwa miezi kwamba wataalamu wao hawalipwi na pesa zao zimeliwa. Mtu uliyesikia habari zake hivyo, akija leo kukwambia toka nyumbani kwako, utamsikiliza kwa sikio gani? Ukaguzi wa hesabu wa taasisi kama ile ni sehemu ya tahadhari yenyewe. Mama akisita mlangoni kwa nusu saa kwa sababu haamini tangazo, ile nusu saa imeibwa na aliyemfanya asiamini.

Na Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Nyiragongo haiulizi bendera gani inapepea chini yake.

Marekani, ambako namba yetu ya 5.9 ilitoka, haikuanza kwa busara. Ilianza kwa vilio. Machi 1964 Alaska ilipigwa na tetemeko la 9.2. Februari 1971 likaja la San Fernando, kando ya Los Angeles, ambako hospitali mpya kabisa ya Olive View iliharibika vibaya. Mwaka 1975 Wachina waliwaondoa watu wa Haicheng kabla ya tetemeko, na dunia ikaamini kwamba utabiri umepatikana. Mwaka uliofuata Tangshan, hukohuko China, ikaanguka bila onyo, ikiwa na vifo zaidi ya 240,000 kwa hesabu rasmi. Katika hali hiyo ya matumaini na hofu, Oktoba 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kupunguza madhara ya matetemeko.

Nimeisoma sheria hiyo na marekebisho yake, na ninachokipenda humo ni kwamba kazi zina wenyewe. Leo taasisi nne zimetajwa kwa majina. USGS inapima na kutafiti hatari, mfuko wa taifa wa sayansi unagharimia utafiti wa msingi, taasisi ya viwango inaangalia majengo na kuratibu wote, na wakala wa maafa anashusha elimu hadi kwa majimbo na wananchi. Uratibu ulikuwa kwa wakala wa maafa hadi Bunge lilipouhamishia taasisi ya viwango mwaka 2004. Ipo kamati ya ushauri ya watu ambao si waajiriwa wa serikali kuu, kazi yao ni kuutathmini mpango mzima na kuandika panapopwaya. Mpango wa matetemeko wa USGS peke yake umekuwa ukipata karibu dola milioni 90 kwa mwaka katika miaka ya karibuni.

Nao walikosea. Katika miaka ya 1980 walijaza vyombo Parkfield, kijiji kidogo cha California ambako matetemeko ya ukubwa wa 6 yalikuwa yakija kwa wastani wa kila miaka 22. Walitabiri kwamba lingine litafika kabla mwaka 1993 haujaisha. Halikuja. Lilikuja Septemba 28, 2004, bila kubisha hodi. Kama fedha zote zingekuwa zimefungwa kwenye ahadi ya kutabiri, mpango ungekufa kwa aibu mwaka 1993. Haukufa kwa sababu sheria ilikuwa na kazi nyingine za kila siku: kupima, kuchora ramani, kuboresha kanuni za ujenzi. Vyombo vilibaki shimoni, na tetemeko lilipokuja likawa mojawapo ya yaliyorekodiwa vizuri kuliko yote. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha sheria, likaliondoa lengo la utabiri na kuingiza mfumo wa tahadhari ya sekunde. Vyombo hunasa wimbi la kwanza lenye kasi, ujumbe hutangulia kwenye simu, na mtu hupata muda wa kuingia chini ya meza kabla wimbi linaloangusha halijafika. Umma wote wa California ulianza kuupata mfumo huo mwaka 2019, wa Oregon na Washington mwaka 2021.

Mfumo huo nusura uzimwe ukiwa mchanga. Mwaka 2017 mapendekezo ya bajeti ya serikali ya Rais Trump yalitaka fedha zake zifutwe kabisa. Wabunge wa vyama vyote viwili walikataa, na badala ya kufuta wakaongeza. Waliweza kukataa kwa sababu mfumo ulikuwa na mstari wake katika kitabu cha bajeti, na mstari ukiguswa unaonekana. Ulinzi huo nao si wa milele. Muda wa bajeti uliowekwa na sheria ya 2018 uliishia mwaka wa fedha 2023, na fedha zenyewe hutegemea Bunge kukumbuka kila mwaka.

Sasa nyumbani. Ardhi yetu haihitaji kusingiziwa. Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Subukia, Kenya, ilipata la 6.9. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitoa la 6.8. Mwaka 2007 eneo la Natron lilitetemeka kwa wiki kadhaa kabla ya mlipuko mkubwa wa Ol Doinyo Lengai, mpaka Nairobi watu wakatoka maofisini. Na Agosti 12, 2020, baada ya saa mbili usiku, wakazi wa magorofa ya Dar es Salaam walishuka ngazi na watoto migongoni kwa tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lililotokea baharini. Rukwa ya 1910 ilikuwa na vibanda vya miti na majani vinavyoyumba na kusimama tena. Sumbawanga ya leo ina tofali.

Kazi ya kufuatilia matetemeko nchini iko kwa GST, Dodoma, chini ya Wizara ya Madini. Sisemi wanaipuuza. Lakini dhahabu inaingiza mapato na tetemeko haliingizi kitu, na penye ufinyu wa bajeti kila mhasibu anajua kipi kitasubiri. Kwa hiyo natamani kazi hii iwe na kasma yake, iliyoandikwa kwa jina, isiyoweza kuhamishiwa semina. Isiwe kubwa. Iwe ya kila mwaka, hasa miaka ambayo hakuna kilichotokea, kwa sababu betri huchoka hata ardhi ikiwa kimya. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaingia nchini kwa kupitia Missenyi, wilaya ileile iliyoguswa na lile tetemeko la 2016, kisha linakatiza hadi Chongoleani, Tanga. Nchi inayoweza kupitisha bomba hilo inaweza kununua betri.

Na kasma hiyo ikaguliwe kwa kitu rahisi kuliko ripoti za kurasa 200. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anajua kuhesabu vyombo vilivyonunuliwa. Ningependa zihesabiwe siku ambazo kila chombo kilikuwa hai. Mbunge wa Kagera, au wa Rukwa, au wa Longido, asimame Juni wakati wa bajeti, amuulize waziri jambo moja: mheshimiwa, jana usiku vituo vyetu vingapi vilituma data? Jibu ni tarakimu, halihitaji hotuba. Kisha aulize la nyongeza: na vile ambavyo havikutuma, kila kimoja kimekwamishwa na nini, betri, kifurushi au mwizi, na ni nani aliyeandikiwa kukirudisha, kwa tarehe ipi?